Wiki ya Mpunga Wenye Mimba

Jumatano, 17 Aprili 2013

Nimepangiwa kubeba maji. Mimi!

Kikao cha wenye majaruba ya mpunga kilikuwa jana jioni, nami sikwenda kwa sababu ya Mama. Kumbe asiyekwenda ndiye anayepangiwa. Baba Sudri, mkuu wetu wa mifereji, kaja mwenyewe asubuhi, kakaa barazani, kanywa kahawa yangu hadi tone la mwisho, ndipo akatoa habari. Nikamwambia nina mgonjwa ndani. Akasema anajua. Lakini anayebeba maji matakatifu ya sherehe ya mpunga lazima awe mwanamke asiye na mume, siku zake ziwe zimeshakatika, na shingo iwe nzima. "Sasa nitajie mwingine, Luh." Nikatafuta kichwani. Hayupo. Miaka yote wananicheka kwa kutoolewa, leo imekuwa sifa.

Nikadhani Mama atanitetea. Wapi! Kafurahi mpaka akataka kuinuliwa. Maji hayo alikuwa akiyabeba yeye tangu Baba alipotutoka hadi miguu ilipomkatalia. Alitaka kunionyesha namna ya kukunja kata ya kichwani ili chungu kisicheze. Vidole havikukubali. Kitambaa kikamwanguka kifuani, akakiangalia tu. Nikasema basi, nakwenda kukataa, siwezi kumwacha mtu katika hali hii.

Alikasirika. Sijamwona akikasirika tangu hospitali ya mjini ilipomrudisha nyumbani. "Ukikataa nitakuwa mimi ndiye niliyekuzuia. Unataka nilale na hilo?"

Basi. Nitakwenda.

Ijumaa, 19 Aprili

Bendera zimesimamishwa leo, mianzi mirefu kutoka kichwa cha mfereji hadi hekalu dogo la mashambani. Mpunga umebeba mimba majaruba yote, ya juu na ya chini. Ukilishika bua unalisikia lilivyojaa. Nimesuka sadaka tangu alfajiri, makuti machanga yamenikata vidole. Kazi ndiyo hiyo, nailalamikia na ndiyo inayonilisha.

Baba Sudri kapita nyumba kwa nyumba kukumbusha miiko, kama vile kuna aliyesahau. Bendera zikiwa juu, hakuna kilio kijijini. Mpunga wenye mimba haushtuliwi. Akifa mtu, hajafa, amelala. Gogo la kijiji la kutangazia msiba haligongwi, turubai halifungwi, hakuna wa kutoa pole. Waliomo ndani ya nyumba ile wanajua na wanafunga midomo, wala hawakanyagi hekaluni, maana tayari wana najisi ya msiba. Mtu wa nyumba hiyo ambaye hajaambiwa ni safi. Akishaambiwa, naye kaingia.

Mwaka jana ilimkuta Runti, wa nyumba ya kisimani. Baba yake alilala siku ya kuamkia sherehe. Runti akauliza, akaambiwa, akapiga ukelele uliosikika hadi shuleni. Sherehe ikavunjwa hapo hapo. Halafu panya wakaja. Panya huja miaka wanayotaka wenyewe, sherehe au hakuna, kila mtu anajua. Lakini mwaka jana walikuja baada ya Runti. Watu wawili wakauza majaruba yao kwa wenye hoteli, na huko sasa kuna bwawa la kuogelea lenye rangi ya dawa. Runti siku hizi anasalimiwa kwa kidevu.

Sikupenda Baba Sudri alivyokuwa akiangalia mlango wa chumba cha Mama huku akisema hayo.

Jumapili, 21 Aprili

Mama kala uji vijiko viwili, kimoja kakirudisha.

Jioni nimemwosha kama kawaida. Maji ya vuguvugu, maua ya mpachori ndani, hapendi sabuni. Kawa mwepesi, namgeuza kwa mkono mmoja. Nilipokuwa namfuta mgongo akasema siku yake ikifika nimwoshe mimi. Si Kadek, Kadek ana mikono ya baridi. Nikacheka, nikasema sawa. Akasema hapana, sema vizuri. Nikaweka kitambaa chini, nikasema vizuri: "Mama, nitakuosha mimi, kwa mikono yangu, mtu mwingine asikuguse." Akafumba macho. Karidhika.

Kugeuka—Kadek kasimama mlangoni na bakuli la uji. Mke wa Kaka Gede, wifi yangu, ambaye kwa kweli hajanikosea kitu. Kaweka bakuli, kaangalia mikono yake, katoka. Nimeona aibu mpaka sasa.

Jumatatu, 22 Aprili

Naandika haraka. Abebaye maji hulala hekaluni mashambani usiku wa kuamkia safari, peke yake na kuhani, ili asichukue ya nyumbani. Nimemwosha Mama mapema. Kaniambia nisiinamishe kidevu kivukoni. Nimemwambia kesho jioni nitamsimulia safari yote.

Kadek atalala naye chumbani.

Jumanne, 23 Aprili

Nimerudi. Mgongo umekufa. Nitaandika yote sasa, kabla sijayachanganya.

Kaka Gede alichelewa kuja na pikapu. Jua lilikuwa limeshapanda, Mangku Rauh (ndiye kuhani wetu) kashamaliza tambuu ya kwanza na kaanza kunung'unika. Gede akasema tairi. Macho mekundu, shati la jana. Nikauliza Mama aliamkaje. Akasema amelala, alikuwa na usiku mbaya, ndiyo kwanza kapata usingizi. Akanionyesha kikapu cha nguo zangu garini. Nguo za siku nyingi, hata mswaki! Nikamwambia Kaka, narudi leo hii, sihami. Akasema Kadek ndiye aliyefunga, hajui kitu.

Nilitaka kukaa mbele kwa sababu ya mgongo. Akakataa. Eti maji matakatifu hayakai karibu na sigara zake. Basi Baba Sudri kakaa mbele, mimi na Mangku nyuma na chungu, upepo wote wetu. Mangku kalala kabla hatujapita duka la mwisho.

Kwanza tukaenda hekalu la mlimani, Batukaru, chini ya ile miti mikubwa, ukungu umekaa hata mchana. Tukavaa vizuri, tukafunga mishipi, Gede akabaki kwenye gari. Baba Sudri akamwita. Akasema tumbo. Nikasema atakuwa amekula nyama ya jana, mkaidi. Tukaomba, tukanyunyiziwa, tukabandikwa punje za mchele kwenye paji la uso. Maji ya kwanza yakaingia chunguni. Nilipokiinua kichwani niliogopa. Ni kizito kuliko nilivyodhani, na Mama alikuwa akikibeba akiwa na mwili nusu ya wangu. Nilishuka ngazi zile zenye ukoka bila kuinamisha kidevu.

Njiani kwenda ziwani tulipita majaruba ya wenzetu wa mlimani. Yanashuka ngazi kwa ngazi mpaka macho yanachoka. Wao wametangulia, mpunga wao umeshachanua. Watalii wamejaa kwenye kibanda cha kupigia picha. Baba Sudri akapiga kioo cha nyuma akatuambia tuangalie maji yao yanavyogawanywa kwa vipande vya mbao, sawa kwa sawa, kisha akaanza hadithi ya ugomvi wa mfereji wa babu yake. Namsikia kupitia dirisha. Gede hakujibu hata mara moja. Kwa kawaida hadithi hiyo huwa wanaibishania.

Ziwani Beratan kuna baridi. Lile hekalu la kisiwani tulivushwa kwa mtumbwi mdogo, mimi katikati na chungu mapajani, Mangku akisali kwa sauti kwa sababu hajui kuogelea. Nikapenda pale. Paa zile zimepandana, chini yake maji meusi, kimya. Nikamwombea Mama. Sikuomba apone, sijidanganyi. Niliomba asiumwe.

Tuliporudi bandarini Gede kasimama kwenye maegesho, kashika hindi la kuchoma. Limepoa. Halijang'atwa. Nikamuuliza tumbo lenyewe linataka mahindi? Akalitupa.

Nikampigia simu Kadek.

"Mama anaendeleaje?"

"Amelala, wifi."

"Amekula?"

"Amelala."

Sauti yake ilikuwa chini sana, nikadhani hataki kumwamsha. Nilifurahi! Nilifurahi kabisa. Mama kulala mchana kutwa, bila kuguna. Nikamwambia Mangku dua ya ziwani imefika upesi. Naye akatabasamu, meno yote mekundu ya tambuu.

Mwisho pwani, Tanah Lot. Mwamba uko ndani ya bahari, hekalu juu yake, na huvuki mpaka maji yatoke. Tukangoja. Watalii wengi, mmoja mwanamke akataka kupiga picha na mimi na chungu, Baba Sudri akamfukuza kwa adabu. Tulikula wali wetu wa majani ya mgomba tukiwa tumekaa mchangani. Hapo ndipo nilipoona kwamba sote watatu tuna mchele kwenye paji la uso na Gede hana. Nikachovya vidole kwenye kile kikombe tulichobakiza cha ziwani, nikainuka nimnyunyizie angalau. Akaruka nyuma. Mtu mzima, karuka akaangusha wali wake!

"Baadaye, Luh."

"Baadaye lini? Hekalu la tatu hili. Umekuwa mvivu wa kuomba?"

"Nimesema baadaye."

Nikamwambia maneno. Nikasema Mama kabeba maji haya miaka na miaka, na mwanawe wa kiume anashindwa kuvuka maji ya magoti. Nikasema Mama akisikia ataona aibu. Baba Sudri akasema tuyaache, bahari inatoka. Gede akageuka akatazama upande wa maegesho. Mabega yake yakapanda na kushuka. Nilidhani ana hasira.

Tukavuka. Maji yalinifika mapajani, mawe yanateleza. Chini ya mwamba ule kuna chemchemi ya maji baridi, katikati ya chumvi yote ile. Hapo tuliomba panya wapite mbali. Mangku alilia kidogo akiomba, mwaka jana naye panya walimkausha.

Tumeingia mashambani jua linazama. Chungu kimejaa. Nilimwambia Gede anipitishe nyumbani nimwone Mama dakika moja tu, kisha nije kulinda maji. Mlinzi wa maji ni mimi hadi bendera zitakaposhuka, lakini mtu anaruhusiwa kwenda kwake kila jioni kuoga na kubadili nguo. Akasimamisha gari hekaluni.

"Mama amelala," akasema.

Alisema hivyo akiwa ng'ambo ya mfereji. Mimi, Mangku na Baba Sudri tumeshavuka kale kadaraja ka mianzi. Yeye alibaki ule upande. Hatua moja ingemtosha, na hakuipiga. Kanitupia kikapu cha nguo kwa juu ya maji.

Jumatano, 24 Aprili

Siandiki neno hilo.

Sijaambiwa kitu. Kadek alisema amelala. Kaka Gede alisema amelala. Mgonjwa hulala. Mimi ni mlinzi wa maji, nimekaa hapa na chungu changu, nasuka.

Shati la jana. Tairi. Mswaki. Hindi. Wali mchangani.

Tangu alfajiri, basi. Tangu kabla hajaja kunichukua. Kaendesha gari kutwa nzima nalo kifuani, kanisikiliza nikimtukana mbele ya watu, na hakuingia hata hekalu moja, hakugusa chungu, hakunikaribia. Alinilinda mimi, au alilinda maji? Nina hasira naye, nakata makuti yanaharibika. Angeniambia! Angeniambia ningebaki, ningekaa naye, ningefanya niliyoahidi. Kwani maji ni nini?

Halafu nikiinua macho naona mpunga.

Leo asubuhi gari la barafu, lile linalopelekea wauza samaki, limekata kona kuingia kwetu. Kutoka hapa juu unaona kila kitu. Sisi hatuuzi samaki.

Nimemwuliza Mangku, kwa kuzunguka. Nikasema, mtu akikisia jambo, je, amejua? Mangku akasimama na ufagio wake, akafikiri. Akasema yeye ni kuhani wa mashamba, hajasoma vitabu vikubwa, mimi nisuke. Baadaye akarudi akasema mambo ya kukisia ni kama mvua, mpaka ikulowe. Sijui kama ameelewa ninachouliza. Nadhani ameelewa. Mchana kanipa ndizi zake zote za kukaanga, naye hagawi ndizi.

Miungu si wajinga. Wananiona. Kama najua, najua, iwe nimeambiwa au la. Au labda hata wao wanataka tu tunyamaze vizuri.

Jioni nilikuwa nimesimama mwanzo wa njia ya nyumbani. Mtu mmoja tu, neno moja, ningekimbia. Nikasimama mpaka mbu wakanichosha. Nikarudi.

Alhamisi, 25 Aprili

Sherehe. Mwezi mpevu.

Watu wote wamevaa nyeupe na manjano. Wameulisha mpunga kama wanavyolisha mke mwenye mimba: maembe mabichi, matunda machachu yaliyokatwakatwa na pilipili na sukari, mayai. Kila mwenye jaruba alikuja na kikapu chake. Mimi nilikuwa mbele na chungu. Tukazunguka kingo zote, mfereji kwa mfereji, Mangku akinyunyiza. Maji ya mlimani, ya ziwani na ya pwani, ndani ya mpunga wetu. Sikujikwaa.

Watu walinisalimia kwa upole mno. Hapo ndipo nilipojua kwamba wote wanajua. Mke wa Baba Sudri, ambaye hajawahi kunisifu tangu nizaliwe, kasema nimebeba kama Mama. Kisha akashika mdomo. Nikasema asante.

Kila mwaka wengi huniuliza, "Mama hajambo?" Leo hakuna hata mmoja aliyeuliza. Kijiji kizima, watu wale wote wenye midomo, na wote wamekumbuka kutouliza. Nilitaka kuwapiga. Nilitaka pia kuwashukuru. Sikufanya lolote. Nilikula wali nikiwa nimesimama.

Jaruba letu lilikuwa la mwisho. Hakukuwa na mtu wa kwetu pale, si Gede wala Kadek. Kikapu chetu kilikuwa kimewekwa ukingoni tangu asubuhi, kimepangwa vizuri, maembe yamekatwa membamba anavyopenda—anavyokata Mama. Kadek ndiye aliyekata. Nilipokiinua nilikirudisha chini. Mangku akaniita jina, mara moja, taratibu. Nikaendelea.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimechoka. Joto. Nafikiria barafu.

Runti kaja leo na wali na samaki wa kukaanga. Sijui nani kamtuma, au kajituma. Kasimama mbali, kama alivyozoea siku hizi. Nikamwita akae. Tukala. Ana mvi sasa, na ni mdogo kwangu. Mwaka jana mimi pia nilimsalimia kwa kidevu, nimekumbuka nikiwa natafuna.

Akaniuliza kama nimemwuliza mtu. Nikasema hapana.

"Mimi niliuliza, dada."

"Najua."

"Ukiuliza watakuambia. Hawawezi kukudanganya usoni. Halafu hawatakusalimia tena."

Nikamwuliza kama anajuta. Akachambua mwiba wa samaki. Akasema siku anayokutana na mwenye bwawa lile la kuogelea anajuta. Siku nyingine hajuti. Akasema alimlilia baba yake akiwa bado ana joto mkononi, na hilo hakuna panya wa kulila. Aliyasema polepole, bila uchungu, kisha akaosha sahani kwenye mfereji, akaondoka kwa njia ya nyuma.

Nimekaa na hayo mchana kutwa. Mimi joto hilo limeshanipita. Lilinipita nikiwa ndani ya mtumbwi, nikifurahia usingizi wake. Kilichobaki ni ahadi ya kuosha tu. Je, wameshamwosha? Siku zote hizi, huwezi kumwacha mtu hivi hivi. Kama Kadek ameshafanya, sitamlaumu, mtu anafanya linalobidi. Lakini nitakuwa nimemdanganya Mama, na nilisema vizuri, kama alivyotaka.

Nikiuliza leo, najua leo. Nikingoja bendera, nitafika nikute kazi imekwisha.

Nimeinuka mara mbili. Mara ya pili nilivua mshipi wa hekaluni kabisa, nikaukunja, nikauweka juu ya kifuniko cha chungu. Nikatembea mpaka kadaraja. Maji chini yake yanapita kama yanavyopita siku zote, kwenda kwa Baba Sudri, kwa mjane wa pale chini ambaye hana kingine ila jaruba moja, kwenda kwetu. Nikarudi kuvaa mshipi. Sijui kama nimefanya vyema. Nimelia? Hapana. Nimeuma kitambaa.

Jumamosi, 27 Aprili

Bendera zinashuka kesho mchana. Baba Sudri kaja kuniambia, kasimama wima kama askari, kasema kijiji hakitasahau. Nikamjibu sijafanya kitu, nimekaa tu nasuka. Akaondoka na macho yamejaa.

Alasiri kaja Kaka Gede.

Alisimama ng'ambo ya mfereji, pale pale. Kakonda. Hajanyoa. Nyuma yake majaruba yetu, kijani chote, na upepo ukipita mpunga unainama wote pamoja. Mimi nilikuwa upande wangu na kisu cha makuti. Tukaangaliana. Maneno yote niliyomwandalia tangu Jumatano sikuyaona tena. Nilimwona tu kaka yangu, ana miaka zaidi ya hamsini, kashika kofia kwa mikono miwili.

Nikamwambia kule pwani nilikosa adabu. Akatikisa kichwa. Kidevu kikaanza kucheza. Nikajua kinachokuja, na nikajua hawezi tena. Siku zote hizi kabeba peke yake, sasa mzigo unamdondoka mbele yangu.

"Luh," akasema. "Luh, Mama—"

"Mama amelala. Kadek aliniambia."

"Tangu ile—"

"Kaka. Usiseme."

Machozi yanamtoka, bila sauti, yanaingia kwenye ndevu. Mimi yangu sikuyaruhusu. Nilikaza kisu mpaka mpini ukaniuma. Mangku alikuwa nyuma yangu anafagia mahali alipokwisha kufagia.

"Mwambie alale tu," nikasema. "Kesho jioni nakuja kumwosha mwenyewe, kama kila siku. Maji yawe ya vuguvugu. Sabuni isiwepo. Kadek asihangaike."

Gede akafuta uso kwa kofia.

"Kadek hajamgusa. Wazee wa ukoo wamemwambia, hata mimi nimemwambia, amekataa. Kakaa mlangoni hampishi mtu. Anasema ni kazi yako."

Niliinama nikaokota makuti ambayo hayakuanguka. Nilipoinuka alikuwa ameshaanza kushuka, anatembea ukingoni kwa uangalifu, pembeni kabisa, asiguse mpunga hata kwa mkono wa shati.

Sasa wanawake wananiita kwa sadaka ya jioni. Chungu kinapaswa kuzungushwa mara ya mwisho, na maji yaliyobaki ni kidogo, yanacheza ndani, ni rahisi kumwaga kuliko yakiwa yamejaa. Nimeosha uso. Nimefunga mshipi. Mangku kasimama mlangoni anajifanya anakohoa.

Akiniuliza mtu yeyote, mbinguni au hapa, nitaapa: mpaka saa hii hakuna aliyeniambia kitu.